Kununua kwa fedha za ruzuku ya serikali: mwongozo kwa kamati za shule na zahanati Kigoma

Fedha za serikali zikishaingia kwenye akaunti ya shule au zahanati, anayewahi kupata habari baada ya mwalimu mkuu mara nyingi si mwanakijiji. Ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kamati haijakaa hata kikao kimoja, tayari kuna mtu ameshapiga simu, ameshawasalimia wazee, na ameahidi kuleta profoma tatu, yaani karatasi za bei kabla ya kununua, "kuwarahisishia kazi".

Mwongozo huu ni kwa ajili ya kamati iliyofika hapo, iwe ya Kalya kule ufukweni, ya Buhigwe milimani au ya Kakonko. Nitarudia jambo moja mara kadhaa: karatasi tatu zinapatikana kwa dakika kumi katika steshenari yoyote ya kuchapa na kutoa kopi, lakini ushindani ni wafanyabiashara watatu wasiojuana bei, kila mmoja akiitaka kazi kweli. Kanuni nyingi za manunuzi zimetungwa ili mpate la pili, si la kwanza.

1. Jueni mko chini ya sheria ipi

Fedha za serikali zinazotumwa moja kwa moja kwenye kituo, za madarasa, vyoo, nyumba ya mwalimu au jengo la wazazi, ni fedha za umma hata kama akaunti ni ya shule na wanaosaini ni watu wa kijijini. Kinachozitawala ni Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na Kanuni zake za 2024. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Sheria inataka ununuzi wa umma upite kwenye mfumo wa kielektroniki, NeST, kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa ununuzi wa halmashauri ni hili: kituo chetu kimesajiliwa NeST, na nani ana akaunti ya kuingilia? Ulizeni kwa barua, na jibu liwe la barua. Mtandao ukisumbua, au kituo kikiwa bado hakijaunganishwa, msijiamulie wenyewe kurudi kwenye karatasi. Halmashauri ndiyo inayojua utaratibu wa kuomba kibali, na barua yake ndiyo itakayowatetea mkaguzi akija.

Ruzuku ikiwa imetoka serikali ya nje kupitia shirika, kama yale yaliyofanya kazi na wakimbizi kule Nyarugusu na Nduta, masharti ya mtoaji nayo yanaongezeka juu ya ya kwetu. Ruzuku za Marekani, kwa mfano, zinaendeshwa na kanuni ziitwazo 2 CFR 200. Zinataka shirika liwe na utaratibu wa ununuzi ulioandikwa. Zinamkataza aliyeandaa vipimo vya kazi asiingie kuishindania kazi hiyohiyo. Zinataka kumbukumbu zitunzwe miaka 3 baada ya ripoti ya mwisho. Aliyeshika vizuri za nyumbani hatapata taabu na hizo.

2. Gawaneni kazi, na semeni undugu mapema

Miradi inayojengwa kwa fosi akaunti, yaani kituo kinanunua vifaa chenyewe na kuwapa mafundi kazi badala ya mkandarasi, huwa na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Watu wengi huona ni urasimu wa kuongeza posho. Sivyo. Anayenunua akiwa ndiye anayepokea, mifuko 200 inaweza kuandikwa 220 na asiwepo wa kuhesabu. Kwa hiyo mjumbe wa manunuzi asiwe wa mapokezi, hata kama kijiji kina wasomi wachache. Wa mapokezi hahitaji elimu kubwa. Anahitaji kujua kuhesabu, kusoma kilichoandikwa kwenye mfuko, na kutoogopa kusema "hiki sicho".

Kisha undugu. Kwetu huku, kumpata mjumbe asiye na shemeji, binamu au mtani mwenye duka ni kazi, na sheria haisemi wajumbe watoke sayari nyingine. Inachotaka ni mgongano wa maslahi utamkwe. Kikao kinapoanza, mwenyekiti aulize kwa sauti: kuna mwenye hisa, ndugu wa karibu, au mwenye deni kwenye duka lolote tunalotarajia kulialika? (La deni husahaulika, na ndilo linalofunga watu midomo kuliko undugu.) Mwenye jibu la ndiyo aandikwe kwenye muhtasari na atoke nje ajenda hiyo inapojadiliwa. Asifokewe wala asiondolewe kwenye kamati kwa aibu, maana mkimwaibisha wa kwanza, wa pili hatasema.

Diwani, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji wana haki ya kufuatilia mradi. Hawana kazi ya kuchagua duka.

3. Andikeni vipimo, msiandike majina

Hapa ndipo kazi inapopendelewa bila mtu kugundua. Orodha ikisema "saruji mifuko 300" mmeacha mlango wazi. Muuzaji atawapa bei ya saruji ya daraja la 32.5 (namba ya nguvu yake), ambayo inatosha kwa plasta na kujengea, wakati mhandisi alitaka ya 42.5 kwa nguzo na lenta. Mkitaja chapa moja ya saruji mmeufunga mlango kwa upande mwingine, kwa sababu duka lenye uwakala wa chapa hiyo limeshashinda kabla ya kuanza. Andikeni daraja, uzito wa mfuko na matumizi. Ikibidi kutaja chapa, ongezeni "au inayolingana nayo", na mkubali kweli inayolingana nayo ikija.

Nondo iandikwe kwa milimita, kwa urefu na kwa uzito. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa kama kilo 10.7, na ya milimita 10 kama kilo 7.4. Sokoni kuna nondo zinazoitwa 12 ambazo ukizipima kwa mizani zinakaribia uzito wa ile ya milimita 10, na ndizo zinazofanya bei ya mtu mmoja ishangaze wenzake. Bati liandikwe geji, aina na urefu, na mjumbe akumbuke kwamba geji 30 ni bati jembamba kuliko geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Mchanga na kokoto visiandikwe kwa "tripu" peke yake. Lori la huyu si lori la yule. Pimeni bodi ya lori, urefu kwa upana kwa kina, mwandike mita za ujazo. Mbao ziandikwe ukubwa, urefu, aina ya mti, na kama ziwe zimekauka na kutiwa dawa.

Vipimo hivi vitoke kwa mhandisi wa halmashauri na vibebe saini yake. Visiandaliwe na mwenye duka "anayesaidia", hata kama anasaidia bure.

4. Msikatekate

Kununua mifuko 50 leo, 50 Jumatatu na 50 wiki ijayo, kila mara kwa profoma yenye kiasi kilicho chini ya kikomo cha fedha ili kukwepa utaratibu wa ushindani, kumekatazwa waziwazi. Kupokea kwa awamu ni jambo tofauti na linaruhusiwa: saruji ya plasta haina sababu ya kukaa stoo miezi miwili ikiganda. Shindanisheni yote kwa mara moja, halafu mkubaliane ratiba ya kuleta.

5. Tafuteni washindani wa kweli

Hatua hii ipewe muda kuliko zote, na ndiyo huwa inafanywa kwa haraka kuliko zote.

Ndani ya NeST mwaliko unawafikia waliosajiliwa kwenye aina hiyo ya bidhaa. Tatizo la huku kwetu ni kwamba wenye maduka wengi wa Kasulu, Kibondo au Uvinza wanauza vizuri lakini hawajasajiliwa, au walisajiliwa na kijana wao akaondoka na nywila. Basi msisubiri siku ya zabuni. Mradi ukishajulikana unakuja, mwalimu mkuu au mganga mfawidhi apite madukani na kuwaambia wajisajili, wakiwa na TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya biashara. Hilo si kupendelea, mradi wote wameambiwa neno lilelile. Tangazo libandikwe pia ofisi ya kijiji, ofisi ya kata na sokoni.

Sheria inataka taasisi zitenge asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Kundi la vijana wanaofyatua matofali, au la akina mama wanaouza kokoto za kugonga, linaweza kuingia kwa njia hiyo likiwa limesajiliwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anawajua.

Sasa swali ambalo kila kamati ya vijijini huuliza: maduka yako mawili tu, wa tatu tumtoe wapi? Panueni eneo. Kamati ya Buhigwe iwaalike wa Kasulu na wa Kigoma mjini. Ya Kakonko iwaalike wa Kibondo. Mkishapanua na bado wakajibu wawili, andikeni hivyo kwenye muhtasari: nani alialikwa, tarehe gani, kwa njia gani, na nani hakujibu. Bei mbili za kweli zenye maelezo zinajieleza mbele ya mkaguzi. Profoma tatu za duka moja hazijielezi.

Na kuzitambua si kazi ngumu. Ziwekeni tatu mezani, pembeni kwa pembeni. Mihuri mitatu tofauti, majina matatu tofauti, lakini zote zimeandika "sementi" mstari wa kwanza na "saruji" mstari wa tisa. Zote zimesahau misumari ya bati. Kila bidhaa kwenye ya pili imepanda shilingi 500 juu ya ya kwanza, na kwenye ya tatu shilingi 1,000, kuanzia nondo hadi kofuli la stoo. Hakuna maduka matatu duniani yanayotofautiana kwa ngazi zilizonyooka hivyo. Pigeni simu namba zilizoko juu ya kila karatasi. Mara nyingi mbili zinapokelewa na sauti ileile.

Kuna njia moja ya kuvuta washindani ambayo haigharimu kitu, nami naiamini kuliko tangazo lolote. Wafanyabiashara wanaiogopa serikali kwa kuchelewesha malipo, na woga huo wanaujumlisha kwenye bei. Fedha zenu zipo tayari kwenye akaunti. Waambieni hivyo kwenye mwaliko: malipo yatafanyika ndani ya siku kadhaa, mtaje ngapi, baada ya mzigo kupokelewa na kukubaliwa. Kisha mtimize. Duka ambalo lingeweka cha juu kwa ajili ya kusubiri miezi mitatu litapunguza lenyewe.

Wote wapewe orodha ileile, siku ileile, na muda uleule wa kujibu. Mmoja akiuliza swali, jibu liwaendee wote.

6. Kufungua bei

Ndani ya NeST mfumo wenyewe unafunga na kufungua kwa saa iliyopangwa. Mkiwa na kibali cha kutumia karatasi, bahasha ziwe zimefungwa, ziingie kwenye sanduku lenye kufuli, na zifunguliwe mbele ya wauzaji wanaotaka kuwepo. Jumla ya kila mmoja isomwe kwa sauti, na wajumbe wasaini kila ukurasa siku hiyohiyo. Bahasha iliyochelewa irudi kwa mwenyewe bila kufunguliwa, hata kama gari lake lilikwama njiani. Inauma, lakini ukimsamehe mmoja hujui utamkatalia nani.

7. Linganisheni bei ya saiti, si ya dukani

Kwanza rudieni hesabu. Bei ya kimoja kuzidisha idadi, mstari kwa mstari, maana jumla zinazokosewa ni nyingi, nyingine kwa bahati mbaya. Kisha jiulizeni kama kila mmoja amepanga bei ya kitu kilekile.

Chukueni kamati ya kijiji cha ufukweni kusini mwa Uvinza, ambako mzigo unakwenda kwa boti. Namba hizi ni za mfano tu. Duka la kwanza limeandika saruji shilingi 21,000 kwa mfuko, kuchukulia dukani Kigoma mjini. La pili limeandika 23,800, mzigo ushushwe saiti. Kamati iliyochoka itasema la kwanza ndilo rahisi. Haya, ongezeni kwa la kwanza: gari hadi mwalo wa Kibirizi na wapakiaji, 300 kwa mfuko. Boti, 2,500. Kushusha na kubeba hadi saiti, 300. Mfuko umefika 24,100. Kwa mifuko 300 la kwanza ni shilingi 7,230,000, la pili ni 7,140,000. Lililoonekana ghali lina nafuu ya shilingi 90,000, na hapo hamjahesabu mifuko itakayolowa ziwa likichafuka. Kwa duka la pili hasara hiyo ni ya muuzaji, kwa la kwanza ni yenu. Dawa yake ni kuandika tangu kwenye mwaliko kwamba bei zote ziwe za kufikishiwa saiti, pamoja na kodi.

Milimani nako kuna masika. Kati ya Novemba na Aprili barabara ya vumbi inaweza kumfanya mwenye lori adai nyongeza njiani. Mkataba useme bei haitabadilika kwa sababu ya barabara, naye aliyepanga bei atajua la kufanya.

Mshindi ni mwenye bei ya chini baada ya masawazisho hayo, akiwa ametimiza vipimo na masharti. Si mwenye namba ndogo iliyoandikwa, wala si "tunayemzoea". Bei ikiwa chini mno kuliko wenzake wote, ulizeni kwa maandishi ataimudu vipi kabla ya kumpa. Na msimwite mmoja pembeni kumnong'oneza bei ya mwenzake ili apunguze. Mkifanya hivyo mara moja, mwaka ujao wote wataanza juu.

Ufundi pia ushindanishwe. Kamati nyingi hushindanisha misumari na kisha zikampa fundi kazi ya mamilioni kwa kuwa alijenga nyumba ya mjumbe. Mkataba wa fundi ugawe malipo kwa hatua: msingi, kuta hadi lenta, kupaua, umaliziaji. Kila hatua ilipwe mhandisi akishaikagua.

8. Wajibuni walioshindwa

Kabla ya kusaini, wote walioshiriki wajulishwe nani anakusudiwa kupewa na kwa bei gani, na wapewe muda wa kisheria wa kulalamika. Malalamiko huanzia kwa afisa masuuli, yaani msimamizi mkuu wa fedha za taasisi inayonunua, na asiyeridhika anaweza kwenda PPAA, mamlaka inayosikiliza rufani za zabuni za umma. Barua fupi yenye sababu halisi, kwa mfano "bei yako haikujumuisha usafiri", humfanya mtu arudi mwaka ujao akiwa amejipanga.

Kama kinachoelezwa kwenye kikao ni asilimia ya mtu fulani na si bei, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

9. Kupokea

Mzigo usipokelewe usiku, na usipokelewe na mlinzi. Kamati ya mapokezi iwe na nakala ya hati ya kuagiza mkononi, si kichwani. Wahesabu wakati mzigo unashuka, si baada ya kupangwa, kwa sababu rundo la saruji lililopangwa vizuri linaweza kuwa na shimo katikati. Wasome daraja kwenye mfuko. Wachague wenyewe nondo tatu nne, zisichaguliwe na dereva, na kuziweka kwenye mizani ya mazao; vijiji vingi vinayo. Mchanga upimwe ukiwa juu ya lori, kabla haujamwagwa.

Kisichofaa kirudi na lori lililokileta, na kiandikwe kwenye hati ya mapokezi kwamba kimerudi. "Tutakibadilisha kesho" isiandikwe popote kama kimepokelewa. Kinachokubaliwa kiingie kwenye leja ya stoo siku hiyohiyo, na kila mfuko unaotoka uwe na saini ya fundi aliyeuchukua.

10. Kulipa na kufunga faili

Malipo yaende benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile la aliyeshinda. Sio ya mkewe, sio namba ya simu. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iwe na kiasi kilekile kilicholipwa na jina la kituo chenu. Risiti ya "mteja" bila jina ni mwanzo wa hoja ya ukaguzi. Kodi ya zuio mhasibu wa halmashauri atawaelekeza namna ya kuikata, na wauzaji waambiwe mapema kwamba itakatwa, wasije wakadhani kamati imemega.

Faili moja kwa ununuzi mmoja, karatasi zikiwa kwa mpangilio wa tarehe: vipimo vya mhandisi, mwaliko na orodha ya walioalikwa, bei zote ikiwemo za walioshindwa, muhtasari wa kikao pamoja na waliotaja maslahi yao, barua za matokeo, hati ya kuagiza au mkataba, hati ya mapokezi, ankara, risiti. Nakala ibaki kituoni hata halmashauri ikichukua ya kwake. Mwalimu mkuu akihamishwa, faili lisihame naye.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Pelekeni pale karatasi moja: kilichonunuliwa, kwa nani, kwa bei gani, na bei za waliokosa. Bandikeni nakala ukutani ofisi ya kijiji. Vifaa vilivyobaki, hata iwe mifuko sita ya saruji na mabati mawili, viandikwe mwishoni mwa karatasi hiyohiyo pamoja na jina la mwenye ufunguo wa stoo.